Kuhamisha mikanda ya VHS Mwanga, Kigoma: mkono wa fundi safi, kompyuta ina walakini

Duka ninalolizungumzia liko Mwanga, Kigoma, na jina lake silitaji kwa kuwa sehemu ya maelezo haya ni malalamiko ambayo mwenye duka nimeshamweleza ana kwa ana. Huduma yenyewe ni kuhamisha picha kutoka kwenye mikanda ya VHS na kuziweka kwenye flashi au diski ya nje, kwa shilingi 15,000 kila mkanda, na shilingi 5,000 zaidi ikiwa mkanda una ukungu. Nilipeleka mikanda ya familia yetu ya Ujiji, mingi ikiwa ya harusi na maulidi ya miaka ya tisini. Kwa ufupi, kazi ya mkono inayofanyika pale ni ya hali ya juu, ilhali kazi ya kompyuta inayofuata inamtaka mteja awe macho na akatae baadhi ya mambo.

Mkanda wetu mmoja ulikaa sandukuni miaka mingi katika nyumba iliyo karibu na ziwa, hata ukingo wa utepe ukaota ukungu mweupe unaoonekana kupitia kidirisha cha kasha. Fundi mwenye haraka angeutia kwenye deki vivyo hivyo, ukungu ukahamia kwenye hedi, yaani kichwa kinachosoma utepe, na kuanzia hapo kila mkanda ungetoa chenga. Huyu alivaa barakoa, akaligeuza kasha, akafungua skrubu zake tano, akatoa vigurudumu viwili pamoja na utepe wake, akaupitisha utepe taratibu kati ya vitambaa viwili visivyotoa nyuzi huku akiuviringisha kwa mkono, kisha akavihamishia vigurudumu kwenye kasha safi alilolitoa katika mkanda wa filamu ya zamani usiotakiwa na mtu. Njia ya mkato haipo, kwani mkanda wa saa tatu huchezwa saa tatu kamili, na umeme ukikatika katikati huanzwa upya. Kwa hiyo akikuambia urudi kesho kutwa usidhani anakuzungusha.

Deki anazotumia ni mbili, zote za mitumba, na ya tatu ameifanya ghala la vipuri. Hilo peke yake lingetosha kuwaharakisha wenye mikanda. VHS ilitolewa na JVC ya Japani mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya Betamax, mikanda shindani ya Sony, na kampuni ya Funai, ya mwisho inayojulikana kuunda deki za aina hiyo, iliacha kuziunda mwaka 2016. Utepe ni plastiki iliyopakwa chembe za oksidi ya chuma zilizoshikwa kwa gundi, na gundi hiyo huharibika kwa joto na unyevu, lakini kwa maoni yangu deki zitatuishia kabla ya mikanda.

Kwetu Tanzania Bara mikanda hii ina uzito wa pekee, kwa sababu video ilitangulia televisheni. Zanzibar ilikuwa na kituo chake cha rangi tangu miaka ya sabini, lakini huku Bara vituo vya kwanza, vya watu binafsi, vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kabla ya hapo mwenye runinga na deki hakuwa akitazama taarifa ya habari. Alikuwa akitazama mkanda wa kukodi au harusi ya jirani yake. Asiye na deki alikwenda kwenye kibanda cha video, akakaa kwenye benchi nyuma ya pazia zito. Na ni vibanda hivyo vilivyompa jina mtu kama Lufufu, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili huku sauti yake ikipanda juu ya zile za waigizaji. Picha za watu wa kawaida wa Kigoma wakitembea, wakiongea na kula zilibaki kazi ya mpiga video wa mtaani, na zimo katika mikanda hii hii inayoota ukungu. Katika mmoja wa mikanda yetu umeme unakatika, kama ulivyokuwa ukikatika mji huu ulipotegemea majenereta ya dizeli: picha inakuwa nyeusi, kamera inaendelea kwa betri yake, dufu halisimami, mtu anaitisha karabai na watoto wanacheka. Fundi alitaka kuikata sehemu hiyo, akisema inajaza nafasi bure. Nilimwomba aiache.

Lawama zangu zinaanzia kwenye kompyuta. Picha ya VHS ina uwiano wa 4 kwa 3, runinga za leo ni 16 kwa 9, na programu ya duka imepangwa iivute picha mpaka ijaze kioo, hivyo kila mtu anatoka mfupi mwenye mabega mapana, na bibi harusi amevimba mashavu. Niliporudisha kazi walitoa upya bila ubishi. Programu hiyo pia hulibana faili mno ili lipite kwenye WhatsApp. Mfumo wa televisheni wa PAL ambao mikanda yetu ilirekodiwa kwao una mistari 576 inayoonekana na picha 25 kwa sekunde, na VHS ilikuwa imeshapoteza sehemu kubwa ya undani wa picha siku ile ile ya kurekodi. Ukibana tena, unatupa hata kidogo kilichosalia. Mteja adai kwanza faili kubwa, lile la awali.

Kilichonishughulisha zaidi ni huduma mpya wanayoitangaza kwa bango mlangoni, ya kufufua video kwa akili mnemba, kwa shilingi 30,000 kila saa moja ya picha. Programu hupokea picha hafifu na kutoa picha kali, yenye ngozi laini na rangi zinazong'aa. Nilikubali wanifanyie dakika chache za majaribio, mahali ambapo bibi anamfunga binti yake ushungi, nikampelekea shangazi. Aliitazama mara ya kwanza akatabasamu, akairudia, kisha akaisogeza simu mbali na uso.

"Mwanangu, huyu ni nani?"

"Ni bibi, shangazi. Wameisafisha picha."

"Mama alikuwa na chale hapa shavuni. Huyu hana. Nipe ile yenye chenga."

Programu haikuteleza, ndivyo ifanyavyo kazi. Mahali ambapo mkanda haukuhifadhi kitu, programu haina pa kukitoa, kwa hiyo hukibuni kwa kufuata sura nyingine ilizofunzwa, na chale za bibi wa Ujiji inazichukulia kuwa uchafu wa picha. Mashine za kwanza za kurekodi video zilizopata soko, zile za Ampex ya Marekani za mwaka 1956, zilitumika kutunza kipindi kilichokwishatokea ili kirushwe saa nyingine. Sasa zipo programu zinazoweza kumtoa mtu akisema asichokisema, na wakati huo huo simu zetu zinarekodi ajali za bodaboda, mikutano ya mtaa na makabidhiano ya mahari. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za namna hiyo kutumika kama ushahidi, uzito wake ukitegemea, pamoja na mengine, jinsi zilivyotengenezwa na kutunzwa. Kwa hiyo faili ghafi lisiloguswa ndilo mali, na hilo lililorembwa ni pambo.

Thamani ya picha za awali imeonekana jirani kabisa na mji huu. Hugo van Lawick alianza kupiga filamu za milimita 16 katika msitu wa Gombe mwaka 1962, akimfuata mtafiti Jane Goodall na sokwe, na zaidi ya saa 100 za picha hizo ziliibuliwa ghalani mwaka 2014 zikiwa bado zinafaa kutengenezewa filamu mpya. Ni kweli kwamba filamu ile ni imara kuliko utepe wa sumaku, na kwamba ilikuwa na ghala la kueleweka. Sisi tuna sanduku la bati.

Kuhusu faragha, duka linastahili sifa na karipio. Harusi za Ujiji zina vyumba vya wanawake ambamo mpiga video alikuwa mwanamke kwa makusudi, na nilipolieleza hilo, fundi aliikabidhi mikanda hiyo kwa binti anayefanya naye kazi, akatoka nje. Lakini siku hiyo hiyo runinga ya dirishani ilikuwa ikionyesha, kama tangazo, harusi ya familia nyingine, ambayo sina hakika kama iliombwa ruhusa. Tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, mambo hayo hayapaswi kufanywa kimazoea. Nakala zetu alizifuta nikiwa nimesimama pale, baada ya mimi kudai.

Mtu aende na diski yake mwenyewe, kwani flashi wanazouza pale ni ghali na ndogo. Mikanda midogo ya kamera za mkononi hawaipokei kwa sasa, maana kamera ya kuichezea imeharibika na fundi bado anatafuta kipuri.