Kamati au kompyuta: nani achague timu za mtoano wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu?
Kwa uwazi, kompyuta inashinda. Chini ya BCS, mfumo wa zamani wa kupanga timu, kuanzia 2004, kura za watu zilibeba theluthi mbili na kompyuta sita theluthi moja, alama ya juu na ya chini kabisa zikitupwa. Ila fomula hula inacholishwa: mwaka 2010 matokeo ya mechi moja yalisahaulika, na yaliporekebishwa timu za vyuo vya LSU (Louisiana) na Boise State zikabadilishana nafasi.

Kamati ya watu 13, inayochagua timu siku hizi, hupima hata majeruhi. Ndiyo iliyoiacha Florida State mwaka 2023, imeshinda mechi zote 13, kwa kuwa mpiga pasi wake mkuu, Jordan Travis, aliumia mguu. Uonevu ule bado unauma.

Ukithamini ushindi uliopatikana uwanjani, chagua fomula. Ukitaka timu iliyo kali leo, kamati.