Uzoefu wangu: kozi ya ulezi wa watoto wanayopima kwa umahiri, hapa Tanga

Wenzangu wa dei kea za Makorora na Ngamiani wameniuliza sana kuhusu hii kozi ya ulezi wa watoto wadogo niliyosoma, nimeona niandike mara moja. Chuo sikitaji maana nina ya kusifia na nina ya kulalamika na yote ntayasema.

Kwanza ukienda na akili ya shule utachanganyikiwa. Hamna ile ya kujaza karatasi alafu ungoje umepata sabini au hamsini. Kila somo limekatwa vipande vya kazi, kulisha, kuogesha, kubadilisha nepi, kupanga michezo, kuandika taarifa za mtoto, usalama, huduma ya kwanza, na kila kipande kina vigezo vyake, asesa, yani mpimaji, anatiki kimoja kimoja, mwisho anaandika mahiri au bado, basi. Mama mkwe wangu mpaka leo ananiuliza nilipata divisheni gani, nishachoka kumweleza.

Chukua nepi tu. Utasema nepi nani asiyejua. Asesa alikuja kituoni asubuhi kashika fomu yake, kakaa kwenye kile kistuli cha watoto, hasemi kitu, anaangalia tu. Umenawa mikono kabla? Vitu vyote viko karibu au unamwacha mtoto juu ya meza unaenda kutafuta pamba? Mkono mmoja uko kwa mtoto muda wote? Unafuta kutoka mbele kwenda nyuma? Nepi chafu imeingia kwenye ndoo yenye mfuniko? Meza umeipiga dawa? Mtoto nae kanawishwa mikono? Alafu kuna kimoja watu hawakitegemei kabisa, unamsemesha mtoto wakati unamfanyia? Tulikuwa na mama mmoja kalea watoto mtaa mzima, mkono mwepesi balaa, mtoto hata halii, kapewa bado kwa sababu kafanya yote kimyakimya na mtoto hakunawishwa. Alinuna huyo! Ila ukikaa ukafikiri, mtoto wa miezi minane anaokota maneno kwa kusemeshwa, na kwenye nepi ndo yuko na wewe uso kwa uso bila wenzie kumi kukuvuta gauni. Baadae karudia kile kipande tu, sio kozi nzima, kapita.

Ukimaliza kufanya yanakuja maswali ya mdomo, na hapo ndo anajua kama unaelewa au umekariri. Ungekuta wekundu mapajani ungefanyaje, ungemwambia nani, ungeandika wapi. Kwenye michezo mi niliweka vizibo vya soda na makombe ya ufukweni ya kuhesabia, wale wakubwa wa miaka mitano wanafurahi, akaniuliza hivi vitu vinakaa wapi wadogo wakiingia. Nikamwonyesha kopo lenye mfuniko juu ya kabati, maana chini ya miaka mitatu kila kitu kinaishia mdomoni na kizibo kinakaba. Akatiki akaendelea.

Nilichokipenda kuliko vyote ni kuandika uangalizi. Darasa zima mwanzo tunaandika "huyu mtoto mkorofi", inarudishwa, andika ulichokiona na ulichokisikia, sio unavyomfikiria. Yani iwe hivi: saa nne kasoro alivuta gari mkononi mwa mwenzie, mwenzie akalia, akalirudisha, akaenda kukaa mlangoni. Kuna wa kwetu nilimwandika hivyo kwa muda nikaja kuona vurugu zake zote ni kabla ya uji. Njaa jamani! Sasa anapewa kiazi kidogo mapema, na lile jina la ukorofi limeshamtoka.

Hizo karatasi zote zinaingia kwenye potifolio, yani faili la ushahidi wa kazi zako, pamoja na fomu za asesa, mipango ya siku, barua ya msimamizi wa kituo. Jina kamili la mtoto haliandikwi, na picha usibandike mpaka mzazi asaini. Ushauri wangu, anza kukusanya toka wiki ya kwanza, na omba vigezo vya kila kipande kabla hujaanza kukifanyia mazoezi. Havitakiwi kuwa siri, huu upimaji ndo ulivyo, unajua kabisa utaangaliwa nini.

Wifi yangu yuko Australia kasomea hivi hivi, kule wanaita Certificate III, nikawa namsumbua kwa vois. Kumbe utaratibu ni ule ule, mahiri au bado, na lazima ufanye saa zisizopungua 160 kwenye kituo halisi chenye watoto halisi. Akanipa vitu vinne ambavyo asesa wa kule anauliza kwenye kila ushahidi: unahusika na kazi inayopimwa, unatosha, ni wako mwenyewe kweli, na ni wa sasa sio wa miaka kumi iliyopita. Hivyo vinne vilinisaidia kupanga faili langu kuliko maelezo yote ya darasani, sijui kwa nini sisi hatukuambiwa kwa lugha rahisi hivyo.

Haya malalamiko. Fomu za vigezo zilikuja Kiingereza kitupu wakati watoto, wazazi na asesa mwenyewe wote tunaongea Kiswahili, kuna wenzangu walikwama kwenye maneno na sio kwenye kazi. Pili, kuna siku asesa kafika mchana watoto wote wamelala akataka ajaze kipengele cha kulisha kwa kutuuliza maswali tu. Tulikataa, kulisha kunaonekana kwa macho, akarudi siku nyingine kanuna. Tatu ada ya kurudia kipande haikutajwa siku ya kujiandikisha, mtu anapewa bado ndo anaambiwa lipa.

Na wale mliolea miaka kibao bila cheti, kabla hujalipa kozi nzima pita ofisi za VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, uulizie urasimishaji wa ujuzi, ule wa kupima unachokiweza tayari ulichojifunzia kazini, kama mafundi seremala na wapishi wanavyofanyiwa. Uliza kwanza kama fani yako imo. Cheti kina kazi yake, vituo vya kulelea watoto mchana vinatakiwa visajiliwe na afisa ustawi wa jamii akija kukagua anataka kujua walezi wamesomea nini.

Mi naipa nyota nne kati ya tano, ile moja naishikilia kwa ajili ya ada iliyofichwa na Kiingereza. Ukienda kujiandikisha waulize matatu haya palepale kaunta: asesa atakuja kituoni kwako au atakupima kwa mdoli darasani, kurudia kipande ni shilingi ngapi, na fomu za vigezo unapewa lini. Wakikwambia utapewa siku ya kupimwa, tafuta chuo kingine.