Jumamosi sita, kamera mbili

Nililipa shilingi 9,500 kwa Jumamosi sita za darasa la video jijini Nairobi, saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, katika chumba cha ghorofa ya tatu upande wa River Road, juu ya duka la vitambaa. Jina la darasa nimeliacha makusudi, kwa sababu mwalimu wa kamera bado anafundisha pale na lawama zangu nyingi hazimhusu. Jumamosi tatu za kwanza ni za kamera, tatu za mwisho ni za kuhariri. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja na kamera mbili.

Nilichokifuata huko ni video ya wimbo. Mwenzangu tunayesoma naye takwimu mwaka wa tatu alikuwa amesharekodi, na hela yote iliishia studio. Nikajitolea kumshutia. Nilikuwa na simu nzuri na kiburi cha mtu ambaye picha zake husifiwa kwenye kundi la familia.

Kiburi kiliisha siku ya kwanza, kwenye korido. Niliambiwa nimshuti mmoja wa wanafunzi wa darasa akitembea kuja kwangu chini ya taa za tyubu. Kwenye kioo cha kamera mistari myeusi ikawa inapanda polepole usoni mwake, kama pazia linalovutwa. Nikasema kamera hii imeharibika. Mwalimu akachungulia. “Dada, shata umeweka ngapi?” Shata ni muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya video. Nilikuwa na 1/320 ya sekunde, na fremu 30 kwa sekunde. Akaniuliza umeme wa nyumbani kwetu ni wa hezi ngapi. Nani anajua hayo? Hezi 50, akasema, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko taa inafifia mara mbili, kwa hiyo inafifia na kuwaka mara 100 kila sekunde, na ukifungua shata kwa muda usiolingana na mapigo hayo utaona mistari. Akaweka fremu 25, shata 1/50. Mistari ikatoweka. Nilirudi nyumbani kwa matatu nikizitazama taa za barabarani kwa jicho jingine kabisa.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya jua. Nairobi iko karibu sana na ikweta, na darasa linaisha saa sita, kwa hiyo mazoezi ya nje tulikuwa tukiyafanya jua likiwa karibu na utosi. Macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili meusi. Mwalimu hakulalamika juu ya ratiba, alitoa shuka jeupe kwenye mfuko wa plastiki, akawaambia wawili walishike chini ya kifua cha anayeshutiwa, na macho yakarudi. Shuka lenyewe lilikuwa na doa la chai. Kwenye video yetu tulitumia la kwangu.

Lakini kilicholipa ada yote ni dakika ishirini za Jumamosi ya tatu. Unataka msanii aelee polepole huku midomo ikifuata wimbo kama kawaida? Unashuti kwa fremu 50, unacheza wimbo kwa kasi mara mbili, naye anaimba kwa kasi hiyo hiyo. Ukija kupunguza picha hadi nusu ya kasi, midomo inakaa mahali pake, na shati, nywele, vumbi, vyote vinaogelea. Tulifanya hivyo juu ya paa la hosteli yetu Ngara, kati ya matangi ya maji na nguo zilizoanikwa, tukianza saa kumi na moja ili tupate lile jua la mwisho. Jua letu huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, halingoji mtu. Spika ikawa inatoa sauti ya kuku aliyekanyagwa. Ubeti wa pili wa mwenzangu una maneno mengi hata kwa kasi ya kawaida. Alikata pumzi mara nane. Shoti ya tisa ndiyo iliyomo kwenye video, na ukitazama vizuri utamwona mama wa ghorofa ya chini nyuma yake akianua blanketi, polepole, kwa heshima zote.

Sasa kuhariri. Kompyuta nne, na moja kati ya hizo ilikuwa ya mapokezi. Programu haikuwa na leseni na ilijizima kila baada ya muda. Tulipewa picha za harusi ya watu tusiowajua, tukafundishwa vimulimuli, mizunguko na maandishi yanayodunda. Hakuna aliyetueleza kwa nini ukate hapa na si pale. Flashi yangu ilirudi na virusi. Jumamosi ya mwisho kijana anayefundisha hakutokea, alikuwa amepata kazi. Nilipoulizia zile saa tatu tulizokosa, dada wa mapokezi alisema, “Tutakupigia, mpenzi.” Huu mwezi wa pili.

Nilijifunza kwenye laptopu yangu ya RAM ya gigabaiti 8 kwa toleo la bure la DaVinci Resolve, programu ya kuhariri ya kampuni ya Blackmagic Design ya Australia. Toleo hilo linatoa video hadi ukubwa wa pikseli 3840 kwa 2160, ukubwa ambao mwanafunzi hauhitaji. Laptopu ililia hadi nilipoiambia itengeneze nakala nyepesi za klipu, nikahariri kwa hizo. Klipu za simu zilinitesa zaidi: midomo ilianza sawasawa, kufika sekunde ya 40 ikawa nyuma ya wimbo. Simu hubadilisha idadi ya fremu yenyewe inavyoona inafaa. Ilibidi kwanza nizipitishe zote kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, ziwe fremu 25 kwa sekunde bila kubadilika.

Na hapo ndipo nilipoona kosa la darasa zima, maana kompyuta mbovu ni jambo dogo. Nilikuwa na klipu 43 za uso wa jamaa. Mkono hata mmoja hakuna, viatu hakuna, mtaa hakuna. Kila nilipokata kutoka uso hadi uso picha iliruka kama redio yenye mkwaruzo. Ningehariri kitu kidogo baada ya Jumamosi ya kwanza, kosa hilo ningeligundua kamera ikiwa bado mkononi na mwalimu akiwa pembeni. Wao wanakupa kamera yote, wanaifungia kabatini, halafu wanakuonyesha ulichokosa. Nilirudi Ngara na simu, nikashuti ngazi, mikono yake ikihesabu nauli, matone kwenye tangi. Zile sekunde tatu za nauli ndizo watu wanazozitaja.

Kamera naipa nne kati ya tano, kuhariri moja. Waulize kama unaweza kulipia Jumamosi tatu za kwanza tu. Mwenzangu mmoja aliomba akakubaliwa kwa 5,000. Lifti haifanyi kazi. Fika saa tatu kasorobo: lenzi ya milimita 50 ni moja, na aliyetangulia haiachii hadi saa sita.