Hadubini ya wanafunzi kutoka Kisumu: jaribu lenzi ya 40 kabla ya kulipa

Hadubini hii niliinunua kwa shilingi 9,500 katika duka moja la vifaa vya maabara mjini Kisumu, kwa matumizi ya wanafunzi wangu wa baiolojia. Lenzi ya jicho hukuza mara 10, na zile tatu za chini mara 4, 10 na 40, kwa hivyo kwa hesabu inafika mara 400. Mwili wake ni wa chuma, mzito, na hautikisiki mezani. Haina taa bali kioo cha kuakisi mwanga wa jua, na kwa shule ambayo stima hupotea mchana, hilo mimi naliona ni sifa.

Hadi mara 100 sina lawama. Ngozi nyembamba ya kitunguu, ikitiwa tone la iodini, inaonyesha seli zilizopangana safu kwa safu, kila moja na kiini chake cha rangi ya kahawia. Kizibo cha chupa kilichokatwa kwa wembe kinaonyesha vile vyumba vitupu alivyovichora mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke mwaka 1665, ambavyo kwa kweli vilikuwa kuta tu za seli zilizokwisha kufa. Maji yaliyokamuliwa kwenye mizizi ya gugumaji kutoka Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, yamejaa vijidudu vinavyokimbia huku na huku.

Taabu inaanza kwenye lenzi ya 40. Kila seli inazungukwa na ukingo wa buluu na mwekundu, na kiini kinakuwa doa lisilo na mpaka. Nilipoirudisha dukani, muuzaji alishikilia kuwa ni vumbi, akanipa kitambaa. Si vumbi: kioo hupinda mwanga wa buluu zaidi kuliko mwekundu, hivyo rangi hazikutani mahali pamoja, na lenzi ya pili huikuza kasoro ya ile ya kwanza. Kasoro hiyohiyo iliwasumbua wachunguzi kwa zaidi ya karne moja. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, Uholanzi, aliikwepa kwa kutumia lenzi moja ndogo mno, na mwaka 1676 akaiandikia Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, kuhusu viumbe wadogo aliowaona majini. Hata Robert Brown, mtaalamu wa mimea aliyekipa kiini jina mwaka 1831, alikuwa bado akitegemea lenzi moja. Mwingereza Joseph Jackson Lister alieleza mwaka 1830 namna ya kuunganisha lenzi ili kasoro zifutane, na hadubini zilizoboreshwa zikaanza kuenea. Mjerumani Matthias Schleiden akatangaza mwaka 1838 kwamba mimea imejengwa kwa seli, na mwenzake Theodor Schwann akaongeza wanyama mwaka 1839.

Kwa bei hiyo, basi, inunuliwe kama hadubini ya mara 100. Anayehitaji mara 400 aende dukani na slaidi yake ya kitunguu, adai lenzi ya 40 ijaribiwe karibu na dirisha, na akiona ukingo wa rangi aombe nyingine.