Clarks Desert Boot: kiatu cha siku isiyo na tai

Mwanaume wa miaka thelathini na kitu mwenye kazi ya ofisini mara nyingi ana viatu vya aina mbili tu: vyeusi vinavyong'aa vya kuvalia suti, na raba. Ikija siku ambayo tai imepitiliza na fulana ya mpira wa miguu haitoshi, anabaki kuiangalia miguu yake. Vile vyeusi juu ya jinzi vinamwonyesha kama mtu aliyetoka kikaoni akasahau kubadili. Raba nazo zinamrudisha chuoni. Desert Boot ya Clarks imekuwa ikiziba pengo hilo tangu mwaka 1950 na bado inaliziba vizuri kuliko viatu vingi vilivyoiga umbo lake. Ila ina masharti, na mengi yanaamuliwa siku ile ile unayokinunua.

Umbo lake halikutoka kwa wabunifu wa mitindo. Nathan Clark, wa ukoo ulioanzisha kampuni hiyo mwaka 1825 katika mji wa Street, Somerset, Uingereza, alikuwa jeshini Burma mwaka 1941 alipoona maofisa wamevaa buti fupi za sweidi (ngozi yenye vinyweleo laini) zenye soli ya krepu (mpira wa asili usiopikwa), zilizoshonwa na mafundi wa sokoni Cairo. Aliporudi na wazo hilo, kwao hawakulishangilia. Wanunuzi walianza kulielewa baada ya kiatu hicho kuonyeshwa katika maonyesho ya viatu ya Chicago mwaka 1949. Tangu hapo umbo halijabadilika sana: matundu mawili ya kamba kila upande, shingo inayofika kwenye kifundo cha mguu, hakuna pambo. Ndiyo maana hakipitwi na wakati. Hakina kitu cha kupitwa.

Kigeuze mkononi uone kilivyoshonwa. Ngozi ya juu ina sehemu kuu mbili: ya mbele, na ya nyuma inayozunguka kisigino na kubeba matundu ya kamba. Badala ya kukunjwa kwenda chini ya unyayo, ukingo wa ngozi umekunjwa kwenda nje na kushonewa juu ya soli ya kati. Ule mshono unaouona ukizunguka kiatu chote kama ukuta mdogo ndio unaokishikilia. Krepu imebandikwa chini yake kwa gundi. Faida ya ushonaji huu ni kwamba kiatu kinapinda kirahisi na hakina uzito. Hasara ni kwamba maji yana njia ya kuingilia kwenye mshono, kwa hiyo usikihesabu kuwa kiatu cha mvua hata ukipulizia dawa gani.

Sasa saizi, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Desert Boot ni kubwa kuliko namba yake. Anayevaa raba za namba 9 za Uingereza aanze kujaribu 8½. Herufi G ni upana wa kawaida wa kiume na H ni mguu mpana. Kununua namba kubwa zaidi kwa sababu mguu ni mpana ni kosa: urefu unaongezeka, upana hauongezeki vya kutosha, na kisigino kinaanza kupwaya. Jaribu jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa kutembea, na uvae soksi zile zile utakazovalia kiatu hicho. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya kama sentimita moja. Halafu funga kamba na uangalie zile pande mbili zenye matundu. Kati yake pabaki uwazi wa sentimita moja na nusu hadi mbili. Zikiwa zimeshagusana siku ya kwanza, kiacheni dukani, kwa sababu sweidi hulegea, na ikilegea hutakuwa na pa kukazia tena. Kisigino kupanda milimita kadhaa unapotembea si tatizo. Kinatulia ngozi ikizoea mguu. Kikipanda sentimita nzima, namba si yako.

Jaribio lote lifanyike juu ya zulia. Krepu hushika vumbi kwa dakika chache, na kiatu chenye soli iliyochafuka hakirudishiki popote. Wiki ya kwanza kivae nyumbani saa moja au mbili kwa siku. Ngozi ya kisigino ndiyo inayochelewa kulainika, na malengelenge yakitokea yatatokea hapo.

Kuna mambo mawili ya ndani ambayo picha za matangazo hazionyeshi. La kwanza, unyayo wa ndani ni mwembamba na hauna kitu cha kuinua upinde wa mguu. Mwenye nyayo bapa atachoka mapema. Unaweza kuongeza unyayo wa kubandika wa milimita 3, lakini nafasi yake lazima uikadirie siku ya kununua, usije ukakuta namba uliyoshusha imekubana. La pili, ulimi wa kiatu hupenda kuhamia upande wa nje unapotembea, hasa kwa wenye mguu mwembamba. Fundi viatu anaweza kutoboa ulimi vitundu viwili vidogo katikati ili kamba ipite hapo. Ni kazi ya dakika chache, na inashangaza kwamba kiatu hakitoki kiwandani hivyo.

Krepu yenyewe inahitaji maelezo, maana ndiyo inayofanya watu wakipende kiatu hiki au wakichukie. Ni mpira wa asili: utomvu wa mti wa mpira uliogandishwa kwa asidi, ukapitishwa kwenye rola na kukaushwa, bila kupikwa kwa salfa kama mpira wa matairi. Kwa kuwa haujapikwa, unabonyea vizuri na kumeza mshindo wa hatua. Kwa sababu hiyo hiyo unalainika kwenye joto, unakuwa mgumu kwenye baridi kali, na unaharibiwa na mafuta na petroli. Ukiviacha viatu kwenye buti ya gari lililoegeshwa juani, utakuta soli imenata au imeacha umbo lake. Ukikanyaga oili gereji, soli itaanza kuwa kama ubani uliotafunwa. Na juu ya marumaru yenye maji, krepu iliyokwisha laini kwa kutembelewa inateleza vibaya. Kama ofisi yenu ina ukumbi wa marumaru unaopigwa deki asubuhi, hilo ni jambo la kufikiria kabla ya rangi.

Tukija kwenye rangi: ile ya mchanga, inayouzwa kwa jina la Sand, ndiyo inayopendeza kwenye picha na ndiyo inayochosha kuitunza. Tone la chai linaonekana, vumbi jekundu linaonekana, na rangi ya jinzi mpya huhamia kwenye shingo ya kiatu ikaacha pete ya buluu isiyotoka yote. Kwa jozi ya kwanza chukua sweidi ya kahawia iliyokolea. Inakubaliana na buluu, kijivu, kijani cha jeshi na rangi ya mchanga ya suruali, na haitangazi kila doa. Nyeusi tunaiacha. Ukikitia rangi hiyo kiatu hiki kinajifanya cha ofisini, na kazi hiyo hakiiwezi. Ile ya ngozi iliyotiwa nta, Beeswax, ni jamaa mwingine kabisa: ikikunjwa inapauka pale penye mkunjo, na mikwaruzo inaonekana kwa miezi ya mwanzo hadi ichanganyike na kuwa sura ya kiatu. Asiyependa kitu chenye makovu asiichukue.

Utunzaji wa sweidi ni rahisi ukianza mapema. Kabla ya kukivaa mara ya kwanza, puliza dawa ya kuzuia maji iliyotengenezwa kwa ajili ya sweidi, ukiwa umbali wa kama sentimita 20, mikono miwili myembamba, yaani tabaka mbili nyepesi, na uache ikauke kabisa kati ya mkono wa kwanza na wa pili. Wengi hupuliza mkono mmoja mzito. Unaacha mabaka na vinyweleo vinagandamana. Baada ya kuvaa, piga brashi kwa mwelekeo mmoja kutoa vumbi. Kikilowa, jaza karatasi ndani, kiweke kivulini penye hewa, usikisogeze kwenye hita wala jiko, na upige brashi kikishakauka. Doa la mafuta linywesheni wanga wa mahindi usiku kucha kisha lipigwe brashi. Usiliguse kwa maji. Pale paliposagika pakaanza kung'aa, mvuke wa birika kwa sekunde chache halafu brashi utasimamisha vinyweleo tena. Kiwi ya kawaida isikaribie. Ukingo wa krepu husafishwa kwa brashi ngumu na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo. Kurudi kwenye weupe wa dukani hautarudi, na si lazima.

Halafu suruali, maana kiatu sahihi chini ya upindo mbovu ni kazi bure. Kosa linaloonekana zaidi ni suruali ndefu inayojikusanya juu ya shingo ya kiatu kama soksi iliyoshuka. Linalofuata ni suruali ya kubana inayonasa nyuma ya shingo, hivyo ukisimama kutoka kwenye kiti inabidi uivute. Dawa ni upana wa upindo. Laza suruali mezani upime mdomo wa mguu: sentimita 18 hadi 19 zinamfaa mwanaume wa umbo la wastani. Chini ya 17 itanasa. Ikizidi 21 inafunika kiatu, na kilichobaki kuonekana ni ncha mbili za kahawia. Urefu uishie juu ya kiatu na kugusa ngozi kwa mbele tu, au uwe na mkunjo mmoja mdogo. Mpelekee fundi cherehani suruali pamoja na viatu vyenyewe. Akikupimia ukiwa na raba atakosea kwa sentimita moja hivi, na sentimita hiyo inaonekana.

Kitambaa kinachoendana nacho zaidi ni kadeti ya pamba nzito ya kutosha kushika umbo, au jinzi ya buluu iliyokolea isiyo na matundu wala michirizo ya kupauka. Suruali ya suti yenye kung'aa haipatani na sweidi hata kidogo: kitambaa kinang'aa, ngozi inameza mwanga, na macho yanaona ugomvi huo kabla mwenye kuvaa hajasema lolote. Kitambaa cha flana ya sufu cha kijivu kinafaa, kwa kuwa nacho kina vinyweleo.

Juu, shati la oksfodi (pamba iliyofumwa nzito kidogo) jeupe au la buluu hafifu lenye kola ya vifungo linatosha kwa karibu kila shughuli. Ukitaka kulivaa bila kuchomekea, pindo lake liishie katikati ya zipu kwa mbele na katikati ya mfuko kwa nyuma. Mashati mengi ya ofisini yana pindo refu la mviringo kwa sababu yalikatwa yachomekewe, na yakiachwa nje yanageuka kanzu. Fulana yenye kola nayo inakubali, mradi mshono wa bega ukae juu ya mfupa wa bega. Koti, ukilihitaji, liwe laini, lisilo na pedi za mabega. Mkanda wa ofisini mweusi wenye bizimu linalong'aa uache kabatini. Wa kahawia, wa sweidi au wa kusukwa, unatosha, na haulazimiki kufanana rangi na kiatu kama mapacha. Soksi ziwe za rangi ya suruali au rangi iliyokolea kidogo kuliko hiyo. Soksi fupi za kujificha hazifai hapa, kwa kuwa shingo ya kiatu itakukwaruza kifundo.

Kuna mahali hakifai. Kikao cha suti na tai, harusi yenye mavazi rasmi, siku ya matope, na safari ya kutembea kutwa nzima kwenye lami ya moto. Na kaptula: kiatu kinakata mguu kwenye kifundo na kumfupisha mtu.

Ukitaka kitu cha hatua moja juu ya hapo, tafuta buti fupi ya umbo hilo hilo yenye soli ya ngozi au ya mpira mwembamba uliopikwa. Inaonekana ya heshima zaidi chini ya koti, na ile ya mpira uliopikwa haitelezi kama krepu, ila ni ngumu mguuni. Wallabee, ndugu yake wa kiwanda hicho hicho, ina nafasi zaidi kwa vidole na inawafaa wenye miguu mipana, lakini pua yake ya mraba ina mshono unaopandisha kingo kama mkate uliobanwa, na si kila mtu anaweza kuibeba.

Soli ndiyo inayokwisha kwanza, kwa kawaida ukingo wa nje wa kisigino. Usisubiri ifike kwenye soli ya kati. Krepu ikiwa imebaki kama milimita 4 hapo, mpelekee fundi: ataibandua, atasafisha gundi ya zamani na kubandika nyingine, au mpira uliopikwa kama unapita sana kwenye sakafu zenye maji. Mwambie mapema asiguse mshono wa pembeni kwa kisu wala kwa mashine ya kusagia. Uzi huo ukikatika ngozi inaachia kutoka kwenye soli ya kati, na kuirudishia kunahitaji mashine ambayo mafundi wengi wa kawaida hawana.