Fundi friji wa Gerezani, jamaa anajua kazi

Kama una friji la zamani linaunguruma usiku kucha na maji hayapoi, muite huyu kabla hujaambiwa gesi imeisha. Mafundi wengi wimbo wao ni gesi tu, na haya ya kizamani mengi yalitumia gesi ya R12 ambayo siku hizi kuipata ni shughuli. Yeye alibana noti ya buku kwenye mlango wa friji langu, akaivuta ikatoka kiulaini, akasema mpira umechoka huu, baridi yote inatokea hapa, akaubadilisha, akapiga brashi vumbi la kule nyuma na kulisogeza friji mbali na ukuta maana kwa joto hili la Dar lilikuwa halipumui. Bei imechangamka kidogo, na kuchelewa anachelewa aisee, ila saa hizi barafu zinaganda mpaka nauza.