Kingamwili ya AMPK-threonini 172: inafaa kuipima LKB1?

Mwaka 1998 jeni ya LKB1 iligundulika kuwa chanzo cha ugonjwa wa Peutz-Jeghers, wa vinyama vya utumbo. LKB1 ni kinasi, yaani kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye protini nyingine; huzuia uvimbe wa tishu za epitheli, nayo hupotea mara nyingi katika saratani ya mapafu. Wengi huipima kwa kupitia AMPK, kinasi inayohisi nishati ya seli ambayo LKB1 huiamsha kwa kuibandika fosfati kwenye threonini 172 (asidi amino ya 172), wakitumia kingamwili ya sungura ya klono moja inayoshika fosfati hiyo.

Kwa westani bloti, yaani kutenganisha protini kwenye jeli, kuzihamishia kwenye utando na kuzitambua kwa kingamwili, bidhaa ni nzuri. Protini maikrogramu 30, kingamwili iliyozimuliwa mara 1000, usiku kucha kwenye nyuzi 4: unapata mstari mmoja safi karibu na kilodaltoni 62.

Lawama nyingi inazotupiwa zingefaa kuelekezwa kwenye sampuli. Ukizibandua seli kwa tripsini, ukaziosha na kuzizungusha kwenye sentrifuji, nishati inashuka, AMP (ishara ya upungufu wa nishati) inapanda, na AMPK inawaka hata kwenye seli zilizopaswa kutulia. Mwaga midia, mimina bafa baridi ya kuvunjia seli papo hapo kwenye sahani iliyo juu ya barafu, kisha kwangua. Bafa iwe na sodiamu floridi milimola 50 na pirofosfati milimola 5, kuzuia vimeng'enya vinavyobandua fosfati. Vanadeti peke yake haitoshi: inalinda tirosini, si threonini. Utando uzuiwe kwa BSA (albumini ya damu ya ng'ombe) asilimia 5, kingamwili isijishike ovyo; kaseini ya maziwa ya unga imejaa fosfati na huchafua usuli.

Upungufu mkubwa ni kwamba kingamwili haijui fosfati imewekwa na nani. CaMKK2, kinasi nyingine, nayo huibandika fosfati threonini hiyo hiyo kalsiamu inapopanda. Seli za A549, za saratani ya mapafu, hazina LKB1 inayofanya kazi, lakini zitie ionomisini, inayopandisha kalsiamu, uone mstari unavyong'aa! Kwa hiyo andaa A549 za aina mbili, moja iliyorudishiwa LKB1 kamili, nyingine LKB1 yenye badiliko la K78I, isiyo na nguvu ya kinasi. Zipe AICAR, kemikali inayoamsha AMPK, milimola 2 kwa saa 1. Mstari ukipanda kwenye ya kwanza tu, LKB1 ndiyo iliyofanya kazi. Pima pia fosfati ya serini 79 kwenye ACC, protini ambayo AMPK huibandika fosfati, ila ina kilodaltoni 280 hivi. Isipohamishwa polepole usiku kucha kwenye baridi, hubaki kwenye jeli.

Kwa swali la uvimbe wenyewe, haitoshi. LKB1 huamsha kinasi nyingine 12 za ukoo wa AMPK, na katika saratani ya mapafu ya panya ni SIK, kundi mojawapo la kinasi hizo, zinazobeba sehemu kubwa ya kazi ya kuuzuia uvimbe. AMPK ikionekana imelala, SIK zipimwe kivyake.